Mshairi Aliyepitwa na Matamshi ya Lugha Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya Hayim Nahman Bialik, mshairi mkuu wa Kiebrania cha zama hizi, na jinsi utungaji wake ulivyogeuka tangu ujana hata kufa kwake. Habari yake yatugusa sisi walimu kwa sababu moja hasa: lugha aliyoitungia iligeuka matamshi naye yungali hai.

Alizaliwa mwaka 1873 katika kijiji cha Radi, katika nchi iitwayo leo Ukraine, iliyokuwa wakati ule chini ya Kaizari wa Urusi. Baba yake, mwenye duka la ulevi, alifariki yeye angali mtoto, akalelewa na babu yake, mzee mkali mwenye vitabu vingi. Nyumbani na sokoni Wayahudi wa huko walinena Kiyidi; Kiebrania kilikuwa lugha ya sala na vitabu. Shairi lake la kwanza kupigwa chapa, mwaka 1892, lasema na ndege aliyerudi kutoka nchi ya joto. Ni zuri, lina maneno mengi ya Biblia na huzuni nyingi, lakini vijana wengi wa siku zile waliimba vivyo hivyo.

Kilichomgeuza ni damu. Mwaka 1903 Wayahudi wa mji wa Kishinev waliuawa na kunyang'anywa mali, na Bialik akatumwa kutoka Odessa kwenda kuandika ushuhuda wa waliosalia. Alijaza madaftari. Kisha akatunga shairi refu ambamo Mungu mwenyewe amwamuru mtu aende akaone kwa macho yake. Mistari ni mirefu, sauti ni ya nabii, na hasira yake haiwaachi hata wanaume waliojificha. Sisi twaona ukali ule ulipita kiasi kwa watu waliofiwa. Walakini baada ya hapo hapana aliyemfikiri kuwa mwimbaji wa ndege.

Baada ya mwaka 1911 hivi, mashairi yakawa machache. Alikusanya hadithi za wahenga wa Kiyahudi, akachapisha vitabu, na mwaka 1924 akahamia Tel Aviv. Huko Kiebrania kilinenwa njiani na watoto wachezao, jambo alilolitamani maisha yake yote. Lakini hawakukinena kama yeye.

Kila asemaye Kiswahili ajua mkazo ni nini: barabára ni njia, na barábara ni sawasawa. Katika mashairi yetu twahesabu mizani. Bialik alihesabu na mikazo pia, kama mpiga ngoma. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki mara nyingi waliuweka mkazo kwenye silabi iliyo kabla ya mwisho, kama sisi. Sabato waliiita Shábos. Wasemaji wapya wa Palestina walifuata matamshi ya Wayahudi wa Sefaradi, wakaupeleka mkazo mwisho: Shabát. Basi chukua shairi lililopigwa ngoma namna ya kwanza, ulisome namna ya pili: kila mstari wachechemea. Wala halitengenezeki, maana kuhamisha mkazo ni kubomoa nyumba nzima.

Hata hivyo hakugomba na watoto. Aliwatungia nyimbo fupi, za bembea na za wanyama, zilizotoka katika kitabu mwaka 1933, na baadhi yake zafuata mkazo mpya. Mtu wa miaka hamsini na zaidi alijifunza ngoma nyingine.

Katika miaka yake ya mwisho alitunga mashairi juu ya uyatima. Hamna nabii tena wala ngurumo. Asimulia polepole, kama mzee barazani, habari za baba yake akiuzia walevi huku kitabu kitakatifu ki mbele yake. Sisi twayapenda haya kuliko yote. Alifariki Vienna mwezi wa Julai 1934 baada ya kupasuliwa, akazikwa Tel Aviv.

Wanafunzi wa Israeli hata leo humsoma shuleni kwa matamshi yao. Na mwalimu atakaye wasikie ngoma ya mashairi ya ujana wake hana budi kuwasomea kwa mkazo wa zamani.