Je, Wajua Bwawa Hubadili Mwili wa Samaki?

Je, wajua kwamba kapenta wanaouzwa wakavu katika masoko ya Lusaka na Harare asili yao ni Ziwa Tanganyika? Ni lumbu, yule yule anayevuliwa usiku kwa taa pamoja na dagaa wa Kigoma. Ila mlaze lumbu mkubwa wa Kigoma kando ya kapenta wa Kariba, utakataa kwamba ni ndugu. Wa Tanganyika hufikia sentimita 17. Wa Kariba ni nadra kupita 10, na wengi wanaoingia wavuni hawafiki urefu wa kidole.

Kariba ni ziwa la kutengenezwa. Mwishoni mwa 1958 mto Zambezi ulizibwa kwa ukuta wa zege wenye kimo cha mita 128, na maji yakaendelea kupanda hadi 1963. Samaki waliokuwamo walikuwa wa mtoni, wenye miili ya kuishi kwenye kingo, mawe na majani. Walipozungukwa na maji mengi yaliyotulia waling'ang'ania pembezoni, na katikati, penye kina, pakabaki patupu. Ndipo mwaka 1967 na 1968 lumbu wakachukuliwa upande wa Zambia wa Ziwa Tanganyika, wakasafirishwa kwa ndege na kumwagwa Kariba. Walistawi mno. Wengine walipenya ukuta wakiwa hai, wakashuka na mto hadi bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji, na huko pia ni wadogo.

Kwa nini walipungua kimo? Mbegu haina kosa. Lumbu hao hao walipandikizwa Ziwa Kivu kuanzia 1958. Wanyarwanda huwaita isambaza, nao hukua wakubwa kama wa kwao. Lakini Kivu ni ziwa la asili, na katikati yake hakuna samaki mkali wa kuwawinda. Kariba yupo samaki mwindaji, Hydrocynus, mwenye meno marefu yaliyochongoka, na tangu miaka ya 1970 zipo pia nyavu na taa za wavuvi. Chakula nacho kilibadilika: vile vijidudu vikubwa vinavyoelea majini vililiwa vikapungua, vikabaki vidogo visivyoshibisha. Samaki ambaye huenda asiumalize mwaka hana faida ya kungoja akue. Huzaa angali mdogo, na nguvu ambazo zingerefusha mwili zinaishia kwenye mayai.

Na si urefu tu unaobadilika. Kusini mwa Marekani kuna kisamaki cha mtoni, Cyprinella venusta, ambacho mabwawa yalikikuta katika mito mingi. Mwaka 2010 watafiti walichapisha vipimo vya waliobaki kwenye vijito na wa kwenye mabwawa. Wa mabwawani walikuwa na mwili mpana zaidi toka mgongoni hadi tumboni, kichwa kidogo, na jicho lililokaa chini zaidi usoni. Sababu inaeleweka ukifikiria maji yenyewe. Penye mkondo, mwili mwembamba hupasua maji bila kuchosha, na mpana husukumwa kama tanga. Mkondo ukifa, gharama hiyo huondoka. Hapo mwili mpana unafaa: humwezesha samaki kugeuka ghafla akifukuzwa, na si rahisi kummeza.

Kinachonishangaza zaidi ni kasi yake. Tumezoea kusikia kwamba maumbile hubadilika kwa maelfu ya miaka, lakini mabwawa hayo yana umri wa binadamu mmoja tu.

Ndiyo maana nautazama mto Rufiji kwa hamu na kwa wasiwasi. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji ili kuzalisha megawati 2,115. Umeme huo tunauhitaji, sina ubishi. Lakini samaki wa Rufiji sasa wamegawanyika, wengine juu ya ukuta na wengine chini yake, na mabadiliko yao yatajulikana tu kama tunazo rekodi za jinsi walivyokuwa. Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu na watafiti wa uvuvi: wapimeni samaki hao sasa, urefu, kimo cha mwili, kichwa na jicho, muwapige picha na kuwahifadhi katika makumbusho. Baada ya miaka 20 hakuna atakayeweza kurudi nyuma kuchukua vipimo hivyo.