Jiwe la Nyali Lina Pumzi Ndani

Je, wajua kwamba jiwe la Nyali, Mombasa, lina pumzi ndani yake? Maji yakipwa, shuka ufuoni, okota kibonge kilichomeguka jabalini, kitwange kidogo, kisha kimwagie siki ya kachumbari. Kitatoa povu. Vile viputo ni hewa ya ukaa, ileile itokayo puani mwako na kwenye ekzosi ya matatu, na ilikuwa imefungiwa humo kwa miaka kama 125,000.

Jabali lote hilo lilikuwa mwamba hai. Tumbawe si mmea wala si jiwe. Ni mnyama, na wengi wao hawazidi punje chache za mchele kwa ukubwa. Hujijengea nyumba kwa kuchota kalisi na kaboni iliyoyeyuka baharini. Akifa nyumba hubaki, na mwenzake hujenga juu yake. Basi majumba ya Nyali, yale ya kuta ndefu na mabogonvilia, yamekaa juu ya makaburi. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya jiwe la aina hiyohiyo, na wazee walilichoma juu ya magogo kupata chokaa ya kujengea na kupaka.

Kuchoma ndiko kwenye hesabu. Kilo 100 za jiwe la chokaa safi zikipashwa moto wa nyuzi kama 900, hubaki kilo 56. Kilo 44 hazikuibwa na fundi. Ni ile pumzi imepaa. Hapo jirani Bamburi kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954 kwa kuchoma jiwe la mwamba huo, na kuanzia mwaka 1971 Mswisi René Haller akapanda mivinje kwenye machimbo yaliyoachwa. Leo watu huenda humo kutazama twiga na viboko. Duniani kote saruji hutoa kama asilimia 6 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu. Mzigo mkubwa ni wa makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Hewa hiyo hupitisha mwanga wa jua lakini hukamata joto linapotaka kutoka. Ni kama kujifunika blanketi usiku wa kaskazi: halina moto wake, ila joto lako halina pa kwenda. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, 280 zilikuwa za ukaa. Sasa zimepita 420. Na mtu akikwambia ni jua tu limezidi, muulize mbona anga ya juu inapoa huku ya chini ikipata joto. Jua lingepasha zote mbili.

Ng'ambo ya maji ya kina kifupi, mawimbi yanapovunjikia, mwamba ulio hai ungalipo, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986. Huko tumbawe huishi na mpangaji: mwani mdogo mno, anayekaa mwilini mwake, akimpikia chakula kwa mwanga na kumpa rangi. Kodi nzuri kweli. Lakini maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, yakakaa hivyo majuma kadhaa, mpangaji hufukuzwa, na tumbawe hubaki jeupe pe, lenye njaa. Hatari kubwa ni maleleji ya Machi na Aprili, kaskazi imelegea, kusi haijashika, na bahari imetulia kama mafuta ya taa kwenye sinia. Mwaka 1998, El Niño ilipopanda juu ya bahari iliyokwisha kupata joto, sehemu nyingi za miamba ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai.

Tumbawe pia huweka kumbukumbu. Moja la Malindi lilitobolewa, na tabaka zake, zinazosomwa kama pete za mti, zikatoa historia ya joto la bahari ya miaka 194, iliyochapishwa mwaka 2000. Jabali la Nyali linakumbuka mbali zaidi. Lilipokuwa likiota, dunia haikuwa na joto la kupita sana hili letu, ilhali bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Joto hupanda upesi. Barafu ya Greenland na Antaktika hulifuata kwa kuyeyuka polepole, karne kwa karne, na bahari hupanda.

Siku moja ya bamvua, maji yamekupwa mbali, nilisimama chini ya jabali nikainua macho. Juu ya kichwa changu, mahali ambapo hata nikinyoosha mkono sifiki, palikuwa na tumbawe la duara, vijitundu vyake vya nyota bado vinahesabika. Hakuna aliyelipandisha pale. Liliota papo hapo, na maji yalikuwa juu yake.