Je, Wajua? Gubu Lilipokuwa Kosa la Jinai

Je, wajua kuwa mwenye gubu si lazima awe na hasira kali? Mwenye hasira hufoka, akapoa, yakaisha. Mwenye gubu huanzia kwenye chumvi iliyozidi leo, akafika kwenye sahani iliyovunjika mwaka juzi, na kesho akaendelea pale alipoishia. Waswahili hawabagui: mama mkwe ana gubu, wifi ana gubu, na waume wenye gubu wamejaa tele.

Je, wajua kuwa Uingereza ya zamani ilimshtaki mtu kwa gubu? Ugomvi wa siku moja haukutosha kumtia hatiani. Ilibidi ithibitike kuwa ni mazoea yake, na kwamba amewakosesha majirani utulivu.

Je, wajua kuwa mashtaka hayo yaliwalenga hasa wanawake? Mwanasheria William Blackstone aliandika mwaka 1769 kuwa jina la mkosaji katika Kilatini cha mahakamani, *communis rixatrix*, ni la kike tu. Akina baba wengi wakaendelea kufoka bila wasiwasi.

Je, wajua adhabu yake? Mwanamke alifungwa kwenye kiti kilichokuwa kwenye ncha ya boriti ndefu, boriti ikainamishwa mpaka akazama mtoni au bwawani, akainuliwa, kisha akazamishwa tena.

Wengine walivishwa hatamu ya chuma: fito zilizozunguka kichwa, na kibamba kilichoingia kinywani kuukandamiza ulimi. Baadhi ya vibamba vilikuwa na miiba. Aliyevishwa alitembezwa mitaani watu wamwone.

Je, wajua kuwa katika mji wa Leominster, Uingereza, mwanamke aitwaye Jenny Pipes alizamishwa mwaka 1809? Mwaka 1817 ikawa zamu ya Sarah Leeke, lakini maji yalikuwa machache mno. Wakaishia kumzungusha mjini akiwa kitini. Kiti hicho kimehifadhiwa kanisani mjini humo hadi leo.

Je, wajua kuwa kosa hili lilivuka bahari? Mwaka 1829, mjini Washington, mwandishi Anne Royall, aliyekuwa na miaka 60, alipatikana na hatia baada ya kurushiana maneno na waumini waliosali karibu na nyumba yake. Mahakama haikumzamisha, ila ilimtoza faini ya dola 10, wanahabari wawili wakamlipia. Ulimi haukufungika: mwaka 1831 alianzisha gazeti lake mwenyewe, *Paul Pry*.

Je, wajua kuwa sheria za Uingereza na Wales zililifuta kosa hili mwaka 1967 tu? Kifungu kilichoondoa gubu ndicho kilichoondoa pia kosa la kudukiza mazungumzo ya watu.

Na huko New Jersey, Marekani, mahakama ililitupa mwaka 1972. Sababu mojawapo: lilimhusu mwanamke peke yake.