Baraka: mji mpya kwenye ardhi ambayo ziwa halijaisahau

Katika mji wa Baraka, wilayani Fizi, kiwanja cha karibu na maji kina wateja wake. Mvuvi anataka kulala karibu na mtumbwi. Mama anayeanika ndakala anataka mchanga ulio jirani na mlango wake. Mfanyabiashara anayengoja boti kutoka Kigoma au Kalemie hataki kulipa wabebaji kwa safari ndefu. Watu walijenga ufukweni kwa sababu hizo, na si kwa ujinga. Kwa sababu hizo hizo, Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2021, likapanda tena 2024, maji hayakuishia mchangani. Yaliingia vyumbani.

Baraka haikuwa peke yake. Uvira ilipoteza mitaa ya kandokando ya ziwa, na bandari ya Kalundu ikafunikwa. Kalemie ililia, na ng'ambo ya pili Gatumba na sehemu za Bujumbura zikahamwa. Wengi walisema ziwa limevuka mpaka wake. Historia ya ziwa lenyewe inaonyesha jambo tofauti: mpaka huo ulichorwa na watu katika miaka ambayo maji yalikuwa yameshuka.

Tanganyika hupokea mito mingi, Ruzizi na Malagarasi ikiwa mikubwa kati yake, lakini ina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Lukuga, pale Kalemie. Hata huo hauchukui sehemu kubwa. Maji mengi ya ziwa huondoka kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili au mitatu mfululizo, maji hayana pa kukimbilia. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 32,900 hivi; kulipandisha kwa mita moja tu ni kuongeza karibu kilomita za ujazo 33 za maji. Hakuna ukuta wa mawe wala mifuko ya mchanga inayobishana na hesabu hiyo.

Mwingereza Cameron alipofika kwenye mdomo wa Lukuga mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, walikuta njia ya maji imezibwa na matete na matope. Ziwa lilikuwa linajaa. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa karibu mita kumi. Ujiji, mahali panapokumbukwa kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871, palikuwa karibu na maji. Leo mgeni akifika kwenye mnara huo inambidi atembee kabla ya kuliona ziwa. Kisha mwaka 1964 maji yalipanda tena hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Wazee wa Fizi waliokuwa watoto wakati ule wanaweza kukumbuka. Vijana waliojenga baadaye waliona ufukwe mpana, mkavu, wakadhani ndivyo ulivyoumbwa. Kabla ya 2019 malalamiko yaliyosikika zaidi, hasa upande wa Tanzania, yalikuwa kwamba ziwa linapungua!

Mji kwa amri

Baraka ilipewa hadhi ya mji mwaka 2013 kwa amri ya Waziri Mkuu, pamoja na Uvira na Kamituga. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo ya utawala yaliyogatuliwa inasema makazi yasiyo makao makuu ya jimbo yanaweza kuitwa mji yakiwa na wakaaji wasiopungua 100,000 na yakiwa na vifaa vya pamoja na miundombinu ya kiuchumi na ya kijamii. Sharti la watu Baraka haikuhitaji kulitafuta sana. Hilo la pili ndilo linaloacha maswali. Miaka kadhaa ilipita kati ya amri hiyo na siku meya wa kwanza alipoketi ofisini, na katika miaka hiyo watu hawakungoja. Walinunua, walipima kwa hatua za miguu, walijenga.

Na watu walikuwa wengi kwa sababu zinazojulikana. Vita vya miaka ya 1990 viliwavusha Wafizi wengi kwenda kambi za mkoa wa Kigoma. Kuanzia Oktoba 2005 meli ya MV Mwongozo ilianza kuwarudisha, ikiwashusha Baraka. Wengi hawakuendelea hadi vijiji vyao vya zamani, wakabaki pale waliposhukia. (Hadi leo katika Kiswahili cha Baraka utasikia vijana wanaozungumza kama watu wa Kigoma; walisomea kambini.) Baadaye wakaja Warundi waliokimbia machafuko ya 2015, wakapokelewa Lusenda, na kambi ilipojaa wakafunguliwa Mulongwe. Kisha wakimbizi wa ndani kutoka milima ya juu, na tangu Bukavu ianguke mikononi mwa M23 Februari 2025, wengine kutoka kaskazini ya jimbo. Kila wimbi lilihitaji mahali pa kulala usiku huo huo, si baada ya ramani kukamilika.

Hapo kuna kichekesho kisichochekesha. Moja ya sehemu chache za eneo hili zilizochorwa kabla ya watu kufika ni Mulongwe, makazi ya wakimbizi. Huko serikali na shirika la UNHCR walijaribu jambo lililo tofauti na kambi: kila familia kiwanja chake, njia zilizonyooka, na ardhi ya kulima pembeni. Mwenyeji wa Baraka, raia wa mji wenye amri ya Waziri Mkuu, bado anapita kwenye kichochoro ambacho pikipiki mbili hazipishani.

Tambarare imetoka wapi?

Ziwa ni nusu ya shida. Nusu nyingine inashuka milimani. Kuanzia Uvira kuelekea kusini, milima ya Mitumba inakaribia sana ufukwe, na sehemu nyingi za tambarare ambazo watu wanapenda kujenga zimetengenezwa na mito yenyewe: mchanga na mawe yaliyoshushwa kutoka juu, gharika baada ya gharika. Kukaa hapo ni kukaa kwenye kitanda cha mto uliolala. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe uliamka Uvira, ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025 ilikuwa zamu ya kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, wilayani Fizi. Waliokufa walitajwa kuwa zaidi ya 100. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa tu, na haikuwa na mtandao wa simu. Habari zilitoka polepole, na msaada vivyo hivyo.

Mji wa Baraka, wenye komine tatu za Baraka, Kalundja na Katanga, una bahati ya kupata tambarare pana kuliko vijiji vingi vya kandokando. Lakini nao una mito yake, na mlima ulio nyuma unavuliwa miti ili kuchoma makala na matofali. Tofali la kuchoma linapendwa kwa sababu halilegei kama potopoto. Kuni zake zinatoka kwenye mteremko ule ule unaopaswa kuzuia maji yasishuke kwa kasi. Mafundi wa sehemu nyingine za Afrika Mashariki wanatumia tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila moto. Mashine hiyo si ngeni kwa mashirika yanayojenga shule. Ingekuwa jambo jema ibaki mikononi mwa vijana baada ya shule kukamilika.

Kisha kuna maji ya kunywa. Ziwa likiingia mitaani linaingia pia vyooni, na vyoo vinaingia ziwani, na ziwani ndiko ndoo zinachovywa. Baraka na Fizi ni miongoni mwa maeneo ambako kipindupindu hakiishi, na Madaktari Wasio na Mipaka walikitibu Baraka kwa miaka mingi. Utafiti uliofanyika Uvira kwa takwimu za 2009 hadi 2014 ulionyesha kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, wakilinganishwa na siku ambazo bomba lilitoa vizuri. Siku moja tu. Kwa mji wa pwani ya Tanganyika, bomba ni jambo la mipango-miji kama ilivyo barabara, maana bomba hupita mahali palipoachwa njia.

Barabara kwanza, nyumba baadaye

Wataalamu wa miji inayokua haraka wamepunguza imani katika ramani kubwa, zile zenye rangi nyingi zinazochukua miaka kuchorwa na kuishia ukutani ofisini. Badala yake wanapendekeza mambo machache yanayofanywa mapema. Ethiopia ililijaribu hilo kwa msaada wa Chuo Kikuu cha New York, kuanzia kwenye miji ya Adama, Hawassa, Bahir Dar na Mekelle. Walikadiria mji utakuwa na ukubwa gani baada ya miaka 30, kisha nje ya mji, kwenye mashamba, wakachora barabara kuu zilizoachana kama kilomita moja, upana wa mita 25 hadi 30, wakatenga na maeneo yasiyojengwa. Barabara haikuhitaji kuwekwa lami. Ilihitaji vigingi na makubaliano kwamba hapo hapajengwi. Mengine watu wangejijengea wenyewe, kama wanavyofanya siku zote.

Kwa Baraka hilo linawezekana kwa sababu mji bado una mashamba pembeni. Njia ya mita 25 katika shamba la mihogo inagharimu mihogo na fidia ya mwenye shamba. Njia hiyo hiyo baada ya miaka kumi itagharimu nyumba, machozi na kesi mahakamani. Vivyo hivyo kwa kingo za mito, na kwa ukanda wa ziwa hadi pale maji yalipofika 2024, alama ambayo kila mkaaji wa ufukweni anaweza kuionyesha kwa kidole. Ukanda huo si lazima ubaki mtupu. Unaweza kuanikiwa ndakala, kuundiwa mitumbwi, kulimwa mboga, kuchezewa mpira. Ziwa likija, vitu hivyo vinaweza kusogea. Nyumba haisogei.

Wale ambao tayari wako hapo ndio swali gumu, na jibu baya linajulikana. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapeleka wakaaji wa bonde la Msimbazi kwenye viwanja vya Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Wengi walirudi bondeni, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Mwishoni mwa 2015 zikaja bomoabomoa. Bonde likajaa tena. Sasa kuna mradi wa Msimbazi, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, ambao unawalipa fidia wanaoondoka na kuligeuza bonde kuwa bustani inayoruhusiwa kufurika. Ni fedha nyingi ambazo Baraka haina. Lakini somo la Mabwepande halihitaji benki: ukimpeleka mvuvi kilomita nyingi kutoka kwenye mtumbwi wake, atarudi. Viwanja mbadala inabidi viwe kwenye mwinuko wa kwanza, mahali ambapo mtu anaweza kwenda ziwani kwa miguu alfajiri.

Na viwanja hivyo ni vya nani? Hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi ya jadi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wanaoitumia zingepangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo haijatoka, na imepita zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo baba anapewa shamba na mkuu wa kijiji mbele ya mashahidi, mwanawe anauza kipande kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na mtu wa tatu anafika na hati kutoka ofisi ya ardhi kwa kipande hicho hicho. Kijiji kinapogeuka mji mvutano unaongezeka, maana mamlaka ya mkuu wa jadi yanapungua na ya burgumestre yanaongezeka, na kila mmoja bado ana wino kwenye mhuri wake. Uvira imeyaona hayo kati ya mji na usheferi wa Bavira.

Ndiyo maana kigingi kilichopigwa na ofisi peke yake hung'olewa usiku. Nairobi, katika mtaa wa Mukuru ambao kaunti iliutangaza eneo maalumu la mipango mwaka 2017, walianza upande wa pili: wakaaji walijipanga kwa vikundi vidogo vya kaya jirani, wakahesabiana, wakakubaliana njia zipite wapi, na ndipo wapimaji wakachora. Fizi haikosi vikundi. Kuna ushirika wa wavuvi, wa akina mama, wa makanisa na misikiti, kamati za wenyeji na wakimbizi. Kinachokosekana ni meza moja ambapo mkuu wa kijiji, mtu wa ofisi ya ardhi na mwenye shamba wanatia saini karatasi ile ile siku ile ile.

Kuhusu ziwa lenyewe, nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa usimamizi wake tarehe 12 Juni 2003 Dar es Salaam, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mjadala wa kuutengeneza mlango wa Lukuga unaendelea kusikika kila maji yanapopanda, na hunyamaza yanaposhuka. Mwenye kiwanja Baraka hana sauti katika kikao hicho. Ana sauti katika mtaa wake.

Kwa kawaida Tanganyika hufikia kimo chake cha chini kati ya Oktoba na Novemba, mvua zikiwa zimeanza, kisha hupanda hadi Aprili au Mei. Ni katika miezi ile ya chini ambapo mchanga huonekana mpana zaidi, na mnunuzi anayeonyeshwa kiwanja kipya ufukweni anakikuta kikavu kabisa.