Sumu ya Visimani na Sauti Isiyosikika (2)

Wiki iliyopita tuliishia Woburn, mji wa Massachusetts nchini Marekani, ambako visima viwili vya maji ya kunywa, G na H, vilifungwa mwaka 1979 baada ya kukutwa na trikloroethilini. Kimiminika hiki hutumika viwandani kuondoa grisi kwenye vyuma. Ni kizito kuliko maji kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo kikimwagika hakielei. Hupenya mchanga, kikazama chini ya maji ya ardhini na kukaa huko miongo mingi, kikiyeyuka kidogo kidogo. Na kidogo hicho chatosha kudhuru: sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 katika lita ya maji ya kunywa. (Msomaji asiichanganye na klorini tunayotilia maji kuua vijidudu. Hii ni klorini iliyofungamana na kaboni, na kufungamana huko ndiko kunakoipa ukaidi.)

Njia iliyozoeleka ya kuyasafisha maji kama hayo ni kupuliza hewa ndani yake ili sumu itoke. Hutoka kweli, ikaenda angani. Nyingine ni kuichuja kwa mkaa maalumu, kisha mkaa wenyewe unageuka taka ya kutafutiwa pa kutupwa. Mimi naona huko ni kuihamisha sumu, si kuimaliza, na ndiyo maana nimevutwa na njia ya sauti.

Masonara wengi siku hizi wana beseni dogo la chuma la kusafishia pete. Likiwashwa, maji hutetemeka kwa mawimbi ya sauti ya mitikisiko kama 40,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Tumbukiza humo kipande cha foili ya kufungia chakula, kiache dakika chache, kisha kiinue kwenye mwanga: kimetobokatoboka.

Vilivyokitoboa ni viputo. Wimbi huvuta maji na kuyabana kwa zamu. Yakivutwa, viputo vidogo mno vinavimba. Yakibanwa, vinaporomoka ghafla. Hata birika likilia kabla ya kuchemka, unasikia viputo vya mvuke vikivunjika vinapofika kwenye maji ya baridi. Lakini kiputo cha sauti huporomoka upesi mno hata joto la gesi iliyomo halipati nafasi ya kutoka, mfano wa pampu ya baiskeli inavyopata moto. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndani yake joto hufikia karibu nyuzi 5,000, na maji yanayokizunguka yamebaki vuguvugu tu.

Trikloroethilini haipendani na maji na ni nyepesi kugeuka mvuke, hivyo huingia kwenye kiputo yenyewe. Humo huvunjwavunjwa. Ikivunjika kabisa, kaboni yake huishia kuwa gesi tunayoitoa puani, na klorini hurudi majini ikiwa ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Maji hupata ukali kidogo wa asidi, na mtafiti hutambua kwa huo kwamba kazi inaendelea. Sumu zisizogeuka mvuke kirahisi, kama klorofenoli, hubaki nje ya kiputo. Hizo hushambuliwa pembezoni na vipande vya maji yenyewe yaliyopasuliwa na joto, hasa haidroksili, ambayo huuma karibu kila inachokutana nacho.

Michael Hoffmann na wenzake wa chuo cha Caltech walilichunguza jambo hili kwa kina miaka ya 1990. Mitikisiko ya laki kadhaa kwa sekunde mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko ile ya beseni la sonara, kwa kuwa viputo ni vidogo ila huporomoka mara nyingi zaidi.

Kikwazo ni umeme. Sehemu kubwa yake huishia kuyapasha maji moto tu, na magadi yaliyomo katika maji ya visima vingi humeza haidroksili kabla haijaifikia sumu. Kuyasafisha hivyo maji ya mji mzima ni gharama isiyobebeka. Pa kuitumia njia hii ni kwenye maji machache yenye sumu nyingi, tena ikisaidiwa na ozoni.

Wiki ijayo tutatazama vumbi la chuma cha kawaida, linalofukiwa ardhini kwenye mkondo wa maji yenye sumu na kung'oa klorini bila umeme wowote.