Ufa kwenye shasi: tumwache motari auseme mapema

Kwa wamama wengi wa chama chetu, pikipiki ndiyo shamba. Pesa ya MUSO au ya AVEC imenunua pikipiki ya okazio, imepewa motari, na kila jioni versema inaingia nyumbani. Kwa versema hiyo tunalipa minervali ya watoto wa sekondari, tunanunua unga, tunarudisha deni la kikundi. Tena sisi wenyewe ndio tunaopanda nyuma, mtoto amekaa katikati, kutoka Nyawera hadi Kadutu au kutoka Essence hadi Panzi. Kwa hiyo ufa kwenye shasi unatuhusu mara mbili: kwa mfuko na kwa maisha.

Shasi ni mifupa ya pikipiki. Injini, magurudumu, usukani na kiti vyote vinashikwa nayo. TVS, Boxer na Haojue tunazoziona kila siku barabarani zina shasi ya bomba za chuma. Chuma hicho ni kigumu, lakini kinachoka. Chukua waya, uukunje huku na huku mara nyingi: mwisho unakatika, ingawa hakuna aliyeuvuta kwa nguvu. Ndivyo inavyokuwa kwa pikipiki inayobeba abiria wawili na gunia la makala, inapanda Cimpunda, inashuka, inaingia shimo hili na lile. Kila pigo linakunja chuma kidogo sana. Siku moja ufa mwembamba kama unywele unaanza, mara nyingi pembeni ya mahali palipochomelewa kiwandani. Toka hapo hausimami. Kila safari inauongeza.

Kuna sehemu nne za kuangalia kwanza: shingoni, pale usukani unapoingia kwenye shasi, pale injini inapofungwa, pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikwa, na chini ya kiti, pale porte-bagage inapofungwa. Dalili zipo. Mstari wa kutu unatoka chini ya rangi. Pikipiki inavuta upande mmoja, usukani unatikisika, au kuna mlio wa kulia-lia kila inapoingia shimo. Na kwa anayenunua okazio: rangi mpya sehemu moja tu, wakati pengine pote ni ya zamani, ni lazima iulizwe sababu. Nambari ya shasi nayo, ambayo kwa kawaida imegongwa shingoni, ilinganishwe na ile ya karte roze. Ikiwa imesagwa au imechomelewa juu yake, acha pikipiki hiyo.

Chombo cha kupimia kila mwalimu anacho: chaki. Safisha sehemu kwa esansi, injini ikiwa baridi na mbali na jiko. Paka petroli ya taa, ngoja dakika kumi hivi, kisha panguza mpaka pakauke kabisa. Ponda chaki nyeupe, upake unga wake mwembamba. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani itatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Msimu wa mvua tope linaficha mengi, basi oshea pikipiki kwanza.

Ufa ukionekana, swali la kwanza liwe uko wapi. Bei inafuata baadaye. Porte-bagage na chuma cha kukanyagia mguu fundi anaweza kuchomelea bila shaka kubwa. Mkono wa gurudumu la nyuma unafungwa kwa bulono, kwa hiyo ni heri kubadilisha wote. Fourche na rimu zilizopasuka hazichomelewi kamwe, zinabadilishwa. Ufa wa shingoni ndio mbaya kuliko zote: pakikatika hapo, gurudumu la mbele linaachana na pikipiki, na dereva hana la kufanya. Pikipiki hiyo isibebe mtu tena, hata kwa safari moja ya kuipeleka kwa fundi. Isukumwe.

Bomba la kawaida la shasi ya chuma linaweza kutengenezwa, lakini fundi mzuri hawahi kumwaga chuma juu ya ufa. Anatoa kwanza tangi ya esansi na kufungua waya wa betri. Anasugua rangi mpaka chuma kiwe cheupe, aone ufa unaanzia na kuishia wapi. Anatoboa tundu dogo kwenye kila mwisho wake ili usiendelee. Anasaga mfereji juu ya ufa ili chuma kipya kiingie mpaka ndani. Anapima kama shasi imenyooka, ndipo anachomelea, na anaongeza kipande cha chuma cha kuimarisha. Hamwagi maji, anaacha ipoe yenyewe. Ukiona kazi yote imekwisha kwa dakika tano na rangi juu yake, umelipia rangi.

Vijana wetu wanaotamani pikipiki za mbio za okazio wasikie hili pia. Nyingi kati ya hizo zina shasi ya alumini. Jaribu sumaku: ikikataa kushika, si chuma. Alumini ya shasi imepewa nguvu kwa moto wa kiwandani uliopimwa, na moto wa kuchomelea unailegeza pale pale tunapotaka iwe imara. Mashine ya kawaida ya kuchomelea ya mtaani haiiwezi. Hata za watengenezaji wakubwa hupasuka: kampuni ya Suzuki iliita GSX-R1000 za mwaka 2005 na 2006 kwa sababu shasi zake zingeweza kupasuka, na ikazifunga kipande cha kuziimarisha. Shasi ya namna hiyo ikipasuka kwetu, dawa ni kutafuta shasi nyingine au kuuza vipande.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Anayeona ufa kwanza ni motari, kwa sababu anaosha pikipiki na anasikia mlio wake. Lakini akisema, pikipiki inalala, naye anadaiwa versema ya siku hiyo, au anaambiwa yeye ndiye aliyeivunja na anafukuzwa. Basi ananyamaza, na anatupandisha sisi. Tukidai versema hata siku ya ufa, tunanunua kimya chake.

Tunapendekeza kila mama mwenye pikipiki akae na motari wake na waandike mapatano kwenye daftari: siku ya kuonyesha ufa haina versema; anayeusema hafukuzwi kwa kuusema; na fundi analipwa kutoka pesa iliyowekwa kando. Kwa mfano, ukiweka 1.000 FC kila siku ya kazi, siku 6 kwa juma, baada ya majuma 13 una 78.000 FC. Pesa hiyo isiguswe kwa sherehe wala kwa deni lingine.

Jumapili hii, pikipiki zikiwa zimelala, tuchukue chaki. Motari awepo, na awe wa kwanza kuambiwa kwamba akiona mstari mweusi, anaweza kuusema.