Stima ya Serikali Hulipwa na Nani?

Hebu pita karibu na ofisi ya serikali saa sita mchana. Jua ni kali, lakini mara nyingi utakuta taa za veranda bado zinawaka. Ukimuuliza askari wa lango kwa nini hazizimwi, atakuambia, "Ah, hiyo ni stima ya serikali." Ukienda kwenye bweni la chuo kikuu cha umma utasikia hayo hayo. Kila mtu anafikiri kuna mwingine anayelipa.

Ukweli ni kwamba serikali haina pesa zake yenyewe. Bili ya hospitali ya kaunti, ya chuo kikuu na ya ofisi ya chifu hutoka katika kodi yangu na yako, pamoja na karo ya wanafunzi. Shilingi iliyolipia taa iliyosahauliwa haiwezi tena kununua dawa wala vitabu.

Tuhesabu pamoja

Stima huuzwa kwa yuniti. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Sasa chukua bweni lenye taa ndefu 100 za mtindo wa zamani, zile nyeupe za mrija. Kila taa, pamoja na kifaa chake cha kuwashia, hula wati 45 hivi. Zikiwaka usiku na mchana hula yuniti 108 kwa siku.

Kwetu Kenya mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo mtu mmoja akizizima asubuhi na kuziwasha jioni, matumizi yatashuka hadi yuniti 54. Hapo hatujanunua kitu chochote! Tukiweka taa za LED za wati 18 na kuendelea kuzizima mchana, zitakula chini ya yuniti 22. Hiyo ni sehemu moja kwa tano tu ya pale tulipoanzia.

Mambo ambayo bili ya nyumbani haionyeshi

Taasisi kubwa hazitozwi kama mimi na wewe. Kuna mambo mawili zaidi:

1. Kilele cha matumizi. Mbali na yuniti, taasisi hulipia kiwango cha juu kabisa ilichovuta kwa wakati mmoja katika mwezi. Jikoni, pampu ya maji na mashine za kufulia zikiwashwa pamoja, kilele hupanda na bili nayo hupanda. Dawa yake ni kupanga zamu. Pampu yaweza kujaza matangi usiku, wakati jiko limelala.

2. Stima ya povu. Ukinunua kikombe cha maziwa kilichojaa povu, kikombe kimejaa lakini maziwa ni kidogo. Pampu na mota nyingi huvuta stima namna hiyo, yaani huvuta nyingi kuliko kazi zinayofanya. Kuna kipimo cha jambo hili, na kikishuka chini ya 0.9 mteja mkubwa huongezewa malipo. Fundi anaweza kulirekebisha kwa kufunga vifaa vinavyoitwa kapasita.

Sheria inasemaje?

Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliagiza kwamba taasisi inayotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka ifanyiwe ukaguzi wa matumizi yake kila baada ya miaka mitatu. Tena haitoshi kuandika ripoti na kuifungia kabatini. Taasisi ilitakiwa itekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa na mkaguzi katika miaka hiyo mitatu. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 201, yataka pesa za umma zitumiwe kwa busara.

Si kukaa gizani

Wengine watasema, "Mnataka tukae gizani?" Hapana. Friji ya chanjo haizimwi. Chumba cha upasuaji hakizimwi. Njia ambayo binti zetu hupita usiku kutoka maktaba hadi bwenini lazima iwe na mwanga. Kuweka akiba maana yake ni kuondoa kile kisichomsaidia mtu, ili kile cha lazima kisikatwe bili inapokosa kulipwa.

Tufanye nini?

- Ukiwa katika bodi ya shule au kamati ya hospitali, omba bili za miezi 12 uzilinganishe. Mwezi wa likizo ukiwa na bili sawa na mwezi wa masomo, jua kuna mahali panapovuja.
- Mtu mmoja apewe kazi ya kuzima, na jina lake lijulikane. Kazi ya wote huwa si ya yeyote.
- Ulizeni kama ukaguzi umefanywa. Kifungu cha 35 cha Katiba chakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.
- Mwanafunzi, koili unayochemshia maji chumbani, ikiwa ni ya wati 1,000, hula yuniti nzima kwa saa. Mkiwasha 200 kwa pamoja, mnapandisha kilele kwa wati 200,000.

Wakenya waliokuwapo mwaka 2000 wanakumbuka ukame uliokausha mabwawa, tukagawiwa stima kwa zamu. Wakati huo tulijifunza kuzima taa kwa lazima. Sasa tuzizime kwa hiari. Haba na haba hujaza kibaba.